Togwa ya Harusi ya Zena

Mbuchi,
4 Agosti 2024

Mpendwa Marsela,

Usishangae kupata karatasi badala ya ujumbe. Simu yangu iko chini ya mto. Siku tuliyofika huku kwa kina Mustapha nilikuwa nashuka kwenye boti, mkono mmoja begi, mkono wa pili nimekusanya baibui lisilowe, simu nimeibana kwa meno. Mustapha akaninyoshea mkono anisaidie. Nikafungua kinywa kumwambia ahsante. Basi mume wangu anasema hajawahi kupewa ahsante ya bei kama ile. Ameahidi kuninunulia nyingine tukishauza mpunga, kwa hiyo mpaka hapo utausoma mwandiko wangu. Barua anazibeba nahodha Mfaume mpaka Nyamisati, na kutoka hapo zinafika Kibiti kwa fundi Ismaily, pale pale nilipokuwa nashonea. Uwe unapitia kwake ukitoka shuleni.

Ndoa ni nzuri. Nimenenepa. Mavyaa wangu, Bi Hajira, mama yake Mustapha, ni mtu wa maneno machache na macho mengi. Huku anajulikana kwa togwa. Harusi ikiwa na togwa ya Bi Hajira watu hawaulizi pilau limefika wapi.

Sasa wifi yangu Zena anaolewa Septemba, baada ya Maulidi, na mtu wa Chumbi. Amewekwa ndani, mwali wa watu, haruhusiwi hata kushika mwiko. Yeye ndiye aliyekuwa anamsaidia mama kazi ya togwa, kwa hiyo kazi imeniangukia mimi. Nilifurahi sana, maana huku mke mgeni akikabidhiwa sufuria hilo ujue amekubalika nyumbani.

Juzi tukajaribu, togwa kidogo tu ya kunywa wenyewe. Ikagoma. Uji wa mahindi uliiva vizuri, ukaepuliwa, nikatia kimea cha mtama, nikakoroga, nikafunika. Kawaida asubuhi unaukuta umelainika wenyewe, mwepesi wa kunyweka, na mtamu kama umetiwa sukari. Wangu asubuhi mwiko ulikuwa umesimama wima katikati kama nguzo ya umeme. Tumewapa bata.

Wewe ndiye mwalimu wa baiolojia. Niambie kimea hufanya nini mle ndani, na kwa nini kwangu kimekataa. Joto lilipimwa kwa kidole, kama wafanyavyo hapa. Usimsimulie mtu.

Wako,
Salama


Kibiti,
10 Agosti 2024

Salama, mke wa watu,

Nimecheka mpaka mwenye nyumba akaja kugonga mlango. Chumba chako amekipanga mwalimu mpya wa hesabu, hasemi na mtu, kwa hiyo barua yako nimeisoma kwa sauti ili nijisikie nina jirani.

Haya, kaa nikufundishe. Mbegu ya mtama ikichipua hutengeneza vitu vinavyoitwa vimeng'enya. Chipukizi lina njaa, na chakula chake ni wanga uliomo ndani ya mbegu, lakini wanga ni mnyororo mrefu, hauliki ulivyo. Kimeng'enya kazi yake ni kuukata mnyororo vipande vipande, na vipande vyenyewe ni sukari. Wewe ukiikausha mbegu hiyo, ukaisaga, ukaitia kwenye uji, kimeng'enya hakijui kwamba kimehamishwa. Kinaendelea kukata. Ndiyo maana uji unalainika na utamu unakuja wenyewe. Mkono wa mtu hauhusiki hata kidogo.

Kinachohusika ni joto. Uji ukipoa sana kimeng'enya kinafanya kazi kwa uvivu, na uchachu unakiwahi. Ukiwa vuguvugu kinaamka. Joto likizidi kupanda kinazidi kuchapa kazi, lakini hapo hapo maisha yake yanazidi kuwa mafupi, na ukipita kiasi kinaharibika kabisa. Kwa hiyo unatafuta ule moto ambao kinakimbia na bado hakijafa.

Kwa mawazo yangu mmekausha kimea chenu jikoni juu ya moto, kikafa hata kabla hakijaonana na uji. Nyinyi Wandengereko mkiona kitu kibichi lazima mkikaange. Kausha juani, ujaribu tena. Haya nayasema kama mtani wako Mnyamwezi, ukikasirika utanilipa faini.

Wako katika upweke na mwalimu wa hesabu,
Marsela


Mbuchi,
18 Agosti 2024

Mpendwa Marsela,

Kimea hakijawahi kuonana na moto. Mama alikianika juani juu ya mkeka, akakilinda na kuku mwenyewe, na nilipomuuliza kama huwa anakikaanga alinitazama kama nimemuuliza kama huwa anaswali.

Tumejaribu mara ya pili. Imegoma tena. Bata wa nyumba hii sasa wanatembea kwa shida kwa unene.

Marsela, hapa sichekeshi tena. Bi Mwanamina, jirani yetu, alikuja kusalimia akafunua sufuria akaona. Hakusema neno baya, alisema tu kwamba mikono ya watu haifanani. Mama naye akaniambia, si kwa ukali, kwamba ya harusi ikielekea kugoma atampa Bi Mwanamina sufuria, na mimi nitashughulikia vikombe. Unajua maana yake? Zena akiondoka mimi ndiye mwanamke nitakayebaki na mama kwenye nyumba hii. Sitaki kubaki nikiwa muosha vikombe. Nataka niwe mtu wa hapa.

Nakutumia kimea kidogo kwenye kikopo, kikague. Kama ni kibovu niambie, nitafurahi.

Salama


Kibiti,
25 Agosti 2024

Salama,

Kimea chako ni kizima, kina afya kuliko mimi.

Nilikipeleka maabara, nikawapa Kidato cha Tatu. Tulipika uji tukaugawa kwenye mirija mitatu. Mmoja tuliuzamisha kwenye maji ya barafu, mmoja kwenye maji ya moto wa kadiri, wa tatu kwenye maji yanayochemka. Kisha kila mmoja ukapata kimea chako, tukasubiri, tukadondosha iodini, dawa ambayo ikikutana na wanga inageuka bluu karibu na nyeusi. Ule wa barafu uligeuka bluu. Wa moto wa kadiri haukubadilika rangi hata kidogo, wanga wote umeliwa, na darasa zima likaniomba lionje. Wa maji yanayochemka uligeuka bluu kama sare zao.

Halafu sikiliza hili. Ule wa barafu tuliupasha, kimeng'enya kikaamka, kikafanya kazi yake. Ule uliochemka tuliupoza, tukausubiri mpaka kengele ya kutoka. Hakuna kitu. Baridi inakilaza, moto mkali unakiua, na kilichokufa kwa moto hakiamki kwa kupozwa, kama ambavyo yai la kuchemsha halirudi kuwa bichi.

Kwa hiyo mke wa watu, kosa ni joto. Unatia kimea mapema mno, na kidole chako kinakudanganya. Nimeomba kipimajoto cha maabara, nimekufungia kwenye gazeti. Tumbukiza kwenye uji, subiri kishuke kati ya hamsini na sitini, ndipo utie.

Usilie. Ni hesabu tu.

Marsela


Mbuchi,
31 Agosti 2024

Marsela,

Kipimajoto kimekataliwa. Nilikitoa kwenye gazeti, mama akakigeuzageuza, akauliza hiki si kile cha zahanati cha kupimia homa? Nikamweleza kwamba ni cha shule. Akauliza, na huko shuleni watoto hawapati homa?

Na kidole changu hakidanganyi. Ungekuwepo ungekiona kilivyo chekundu. Mambo mengine mtu haandiki kwenye karatasi inayopita mikononi mwa watu, hata kama mwandikiwa ni rafiki yake. Tuache habari za togwa. Niambie huyo mwalimu wa hesabu ameoa?

Salama


Mbuchi,
2 Septemba 2024

Kwa Mwalimu Marsela,

Bismillahi. Mimi ni Hajira binti Sadallah, mama yake Mustapha. Natumai u mzima na wanafunzi wako wanakusikiliza.

Nakurudishia kipimo chako. Nimekifunga kwenye kitambaa safi. Usione nimekidharau, lakini kipimo cha namna hii nakijua, kinakaa makwapani mwa wagonjwa, na wageni wangu hawatakunywa kwapa.

Nakuandikia kwa sababu mwenzio analia. Analia jikoni anasingizia moshi. Mimi sina neno naye. Anaamka mapema, anacheka na mume wake, mgeni akija anajua kumkarimu. Lakini mkono wake na kimea havipatani, na harusi imekaribia. Itanibidi nimpe Mwanamina sufuria. Nataka wewe ndiye umweleze kwa upole, mimi upole sina.

Usidhani sikumfundisha. Nilimfundisha kama mama yangu alivyonifundisha. Uji ukiepuliwa unaingiza kidole unasoma Alhamdu. Ukifika Amin na kidole hakijakuuma, tia kimea. Mwenzio Bismillahi tu haimalizi, kidole ameshakichomoa. Ni cha mjini, kimezoea sindano. Basi napima mimi. Naingiza changu uji ukiwa bado unafuka, nasoma mpaka mwisho, wala sisikii kitu. Namwambia tia, anatia papo hapo. Adabu anayo, hilo sikatai. Zena nikimwambia tia alikuwa anajibu subiri kwanza mama, anaing'ang'ania sufuria mpaka nachoka naondoka zangu, mbishi kama marehemu baba yake. Lakini Zena Mungu kampa mkono wa baraka, togwa yake haijagoma hata siku moja.

Mweleze mwenzio asihuzunike. Kila mtu na fungu lake.

Wasalaam,
Hajira binti Sadallah


Kibiti,
7 Septemba 2024

Shikamoo mama,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mimi kwetu ni Ndala, Tabora, Mnyamwezi wa baba na mama. Wewe ni Mndengereko. Kwa hiyo naomba uuvue umama kwa dakika moja, niseme na mtani wangu. Umeuvua? Ahsante.

Tanzia. Ukoo wa Vidole vya Kulia vya Hajira binti Sadallah, wa Mbuchi, unasikitika kutangaza kifo cha ndugu yao mpendwa, Kidole cha Kupimia Uji. Marehemu alikuwa mchapakazi. Aligeuza chapati bila kijiko, aliepua masufuria bila kitambaa, alisogeza makaa yaliyowaka, mpaka akaota sugu akaacha kusikia moto. Kwa kuwa hakuwa msemaji, alifariki bila kumwambia mtu, na mwenye mkono mpaka leo bado anampeleka kazini. Ameacha ndugu wanne na bata wanene. Kwa desturi zetu watani ndio wenye kazi kwenye msiba, kwa hiyo mazishi nimeyachukua mimi, na malipo yangu ni kuku mmoja.

Sasa vaa umama wako, nami nipige magoti. Uji unaokuambia umepoa haujapoa, mama. Unachoma bado, na kimea kikiingia humo kinakufa pale pale, hakuna mkono wa kukifufua. Zena alikuwa na ubishi, basi. Ule muda aliokuwa anakubishia ndio uliokuwa unaupoza uji. Salama hakubishii. Anaungua, unamwambia tia, anatia. Hata mimi rafiki yake hakuniambia kwamba kidole kinachoamua si chake. Kwa kukuheshimu ameona bora kijiji kizima kiseme ana mkono mbaya.

Na la mwisho, hili si utani hata kidogo: kidole kisichosikia kisiachwe tu. Pitia zahanati wakutazame, wapime na sukari.

Nisamehe, au nitoze faini.

Mtani wako,
Marsela


Kibiti,
7 Septemba 2024

Salama,

Ndani ya boti hiyo hiyo kuna barua yangu kwa mama mkwe wako. Usiniulize nimeandika nini. Mwalimu wa hesabu hajaoa, lakini anakula wali kwa uma.

Marsela


Mbuchi,
13 Septemba 2024

Marsela, umemwandikia nini mama yangu?

Mfaume alimpa barua mkononi. Akakaa nayo kwenye kigoda, akasoma. Akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena. Nikaona mabega yanatikisika nikajua analia, nikaogopa kumkaribia. Kisha akainuka, akanawa mikono, akakaa anavitazama vidole vyake. Chakula hakula. Kesho yake akapanda boti kwenda zahanati, peke yake, hakusema anaumwa nini. Tangu arudi hanisemeshi ila habari za kuni. Hata Mustapha ameniuliza kama kuna jambo.

Kama umenitetea, umeniponza. Hapa mkwe hatetewi na mtu wa nje, mkwe anavumilia. Wiki zote hizi nimekaza meno ili asije akasikia kutoka kwangu kwamba amekosea, yeye, kwa kazi anayojulikana nayo kila mahali. Nilikuwa tayari kuosha vikombe kuliko kumwaibisha.

Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Bi Mwanamina amekuja kuulizia sufuria. Mama akamjibu, tutaonana Alhamisi. Mimi sijaambiwa kitu.

Siwezi kulala, na naomba ujue kwamba nimekukasirikia.

Salama


Mbuchi,
23 Septemba 2024

Marsela wangu,

Hasira zimekwisha. Kaa nikusimulie.

Alhamisi alasiri uwanja ulijaa wanawake, wengine wanachambua mchele, wengine wanakuna nazi, Bi Mwanamina amekaa mbele kabisa na kanga amejifunga kiunoni, tayari kwa kazi. Mama akaepua lile sufuria kubwa. Akaingiza kidole chake kama siku zote, midomo ikawa inasoma. Nikashika bakuli la kimea kusubiri kuambiwa tia.

Hakusema tia. Alichomoa kidole chake, akanishika mkono, akakiingiza changu. Wala hakuniuliza unaungua au huungui. Akawa ananitazama usoni tu. Nami, wallahi, nilivumilia. Nilikaza uso kama napigwa picha ya kitambulisho. Akasema polepole, "Acha kujikaza, nipate kuona." Nikaacha. Nikaruka, nikatikisa mkono, nikakitia kidole mdomoni kama mtoto mdogo, Bi Mwanamina akacheka mpaka akamwaga mchele. Mama akafunika sufuria, akaanza kuongea habari za wageni watakaolala.

Baadaye tena akanishika mkono, akanitazama, akafunika. Watu wakaanza kunong'ona kwamba uji utapoa. Yeye hakuwajali.

Mara ya tatu kidole kikaingia kikakaa. Moto ulikuwepo, ila unavumilika. Mama akaanza kusoma Alhamdu, taratibu, macho yake usoni kwangu na kidole changu ndani ya sufuria. Akafika Amin nami bado nipo. "Tia," akasema. Nikatia.

Marsela, nilikuwa nakoroga na nikausikia unabadilika. Mwiko uliokuwa mzito wa kunivunja bega ukaanza kuwa mwepesi, ukawa mwepesi zaidi, uji ukaanza kuzunguka wenyewe. Nililia mbele za watu, na safari hii sikusingizia moshi. Asubuhi togwa ilikuwa nyepesi na tamu kama nini. Mama alionja kijiko kimoja, akaonja cha pili, akaondoka bila kusema kitu, na Zena alivyochungulia dirishani akaniambia kwamba hiyo ndiyo sifa yenyewe, nisitegemee nyingine.

Harusi ilifana. Ungekuja.

Mpaka leo sijui ulimwandikia nini. Nilipomuuliza alisema ulimpa taarifa ya msiba wa kwenu Tabora, mtu aliyefanya kazi sana maishani, na kwamba ameguswa. Pole sana rafiki yangu. Nami nikakuandikia maneno makali ukiwa kwenye majonzi. Aliyefariki ni nani?

Akupendaye,
Salama


Mbuchi,
23 Septemba 2024

Kwa Mnyamwezi,

Zahanati wamenitazama na kunipima, sukari iko sawa. Ni sugu tu za kazi. Umezika kidole cha watu bila sanda na bila ubani, faini yako tutaizungumza. Kuku wako yupo, utamkamata mwenyewe.

Nilicheka siku ile mpaka nikashindwa kula. Baadaye nikakumbuka namna mtoto wa watu alivyokuwa anaficha kile kidole ndani ya kanga, kicheko kikakatika, nikakaa na aibu yangu siku kadhaa. Sikujua nimwambie nini. Mimi maneno ya namna hiyo sikufundishwa.

Togwa ilikubali. Wageni wa Chumbi walikunywa wakajaza na madumu ya kurudi nayo. Mama yake bwana harusi akaniuliza mbele ya watu wote, hii nani kaitia kimea? Nikamwambia, mwanangu. Wakageuka wote kumtazama Zena, amekaa pale na hina yake. Nikawaambia, huyo mnaondoka naye. Mimi nasema huyu anayebaki.

Hajira binti Sadallah